Manang Benilda Aliyecheleweshwa na Feni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Ushirika wetu wa Magari ya Abiria hapa La Trinidad, Bi Benilda Dalipes, fundi wa hita na viyoyozi, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Septemba. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atauliza: mbona alishastaafu tarehe 30 Juni? Ni kweli, alistaafu. Akastaafu tena tarehe 31 Julai. Keki zililiwa mara zote mbili, hotuba zikasomwa, na mimi nikalia mara zote mbili, jambo ambalo sasa linanitia aibu kidogo. Safari hii tumehakikishiwa kuwa anaondoka kweli, na sababu ya kuamini hivyo ndiyo habari yenyewe.

Mwenyekiti wetu, Manong Crispulo, amenipa mimi Delfin Tumapang kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nasoma masomo kanisani kila Jumapili bila kukwama. Sikumwambia kwamba kusoma na kuandika ni mambo mawili tofauti, kama vile kuendesha gari na kulijua gari. Kwa hili la pili mashahidi wangu ni wengi. Mimi ni dereva wa Namba Kumi na Mbili, na hapana mtu katika ushirika huu aliyemsumbua Manang Benilda kunizidi. Kama kustaafu ni kupumzika, basi anapumzika kutokana na mimi.

Manang, kama sote tunavyomwita kwa heshima ya dada mkubwa, kama vile kaka mkubwa tunavyomwita Manong, hakuja hapa kutengeneza magari. Alikuja kushona vitambaa vya viti. Fundi wa umeme wakati huo alikuwa Manong Tiburcio, Mungu amrehemu, mtu hodari mwenye vidole vinene kama magimbi. Feni ya gari hukaa kwa kujificha nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, na vidole vya Manong Tiburcio havikufika huko bila kung'oa nusu ya dashibodi. Siku moja alimwita mshonaji aliyekuwa kiti cha nyuma na sindano mdomoni, akamwomba auingize mkono wake mwembamba akaifungue ile skrubu ya mwisho. Manang akaifungua. Kisha akakataa kuutoa mkono.

"Subiri, Manong. Kuna waya hapa umelegea."

"Wewe ni mshonaji, waya umeujuaje?"

"Uzi ni uzi," akasema. "Na mkono ukiingia, akili nayo itaingia."

Tangu siku hiyo viti vyetu vimechanika, lakini feni zimepuliza.

Wale mliojiunga karibuni huenda hamjui kwa nini tunaitukuza feni kiasi hiki. Watu wa pwani hudhani ni starehe. Sisi tunaondoka hapa alfajiri kwenda Bontoc, tunapanda mpaka Atok kwenye mawingu, na msimu wa mvua gari lina watu kumi na wanne wenye makoti yaliyolowa, wote wanapumua, wengine wanakoroma. Feni ikinyamaza, kioo cha mbele kinageuka maziwa kabla hujamaliza Salamu Maria moja. Kulia kwako ni bonde ambalo sijawahi kuona chini yake, na sina haja ya kuliona. Asubuhi tunataka hita ifute kioo. Mchana tukishuka Bontoc kwenye joto, abiria wale wale waliotetemeka wanadai kiyoyozi. Feni ya kazi zote mbili ni ile ile moja.

Na Manang alikuwa na sababu yake pia. Manong Tiburcio alifia kwenye Kona ya Misalaba, kule Atok, akiwa anarudisha gari ambalo feni yake ilikuwa inazima na kuwaka. Alijua ni mbovu. Alisema angeitengeneza akifika. Manang hakuzungumza sana juu ya jambo hilo, lakini tangu mazishi yale hakuliruhusu gari lolote litoke getini likiwa na feni ya "nitaitengeneza nikifika". Madereva tumesimama mbele yake tukiapa, tukibembeleza, tukitaja abiria wanaosubiri. Alikuwa anachukua ufunguo na kuutia kwenye mfuko wa aproni. Anayetaka, aje autoe. Hakuna aliyewahi kutaka.

Namna yake ya kutafuta ubovu tuliijua kwa moyo kama katekisimu, ingawa kama katekisimu, wengi wetu hatukuifuata. Dereva akija na kusema, "Manang, feni imekufa," alijibiwa, "Umeizika? Kama hujaizika, niambie inafanya nini." Inapuliza kasi ya mwisho tu na kugoma kwingine kote? Basi ni kile kipande kinachopunguza umeme, kimeungua. Haipulizi kabisa? Anza na fyuzi, halafu fuata waya, na usiruke hatua. Ukigonga chini ya dashibodi kwa mpini wa bisibisi ikaamka, mota imechoka, iandalie hotuba. Inanguruma lakini upepo hautoki? Kuna kitu kimeziba njia. "Na ukianza kwa kuongeza gesi ya kiyoyozi," alikuwa akimalizia, "nitajua una pesa lakini huna dada."

Mchango wangu katika elimu hiyo ni waya. Ni ule mnaouona ukutani gereji, mweusi, umejikunja kama mjusi aliyeungua, wenye kibao kisemacho HITA YA DELFIN. Fyuzi iliniungulia njiani, sikuwa na nyingine, nikaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Feni ikawaka kwa nguvu. Bibi mmoja wa kiti cha mbele alinisifu kwamba leo hita ina joto zuri, akavua na skafu. Tuliendelea kusifiana hivyo mpaka moshi ulipoanza kutoka kwenye redio. Manang alipoufungua ule mkusanyiko wa waya hakunipigia kelele, ndipo nilipoogopa. Alisema tu, "Ading, mdogo wangu, fyuzi hufa ili wewe usife. Wewe ukaikataza kufa." Kila dereva mpya hupelekwa mbele ya ule waya kabla hajapewa ufunguo, na mimi hualikwa kusimama pembeni kama mfano hai.

Safari nyingine niliinyunyizia swichi ya feni maji ya baraka niliyotoka nayo kwenye Misa ya Pasaka. Nilifanya kwa imani safi. "Maji ya baraka ni ya roho," aliniambia. "Swichi haina roho. Ina kutu, na kutu ndiyo unayoibariki." Niliendesha kutoka Atok hadi sokoni nikiwa nimetoa kichwa dirishani kama mbwa wa tajiri, na abiria kwa huruma wakanivisha kofia ya sufu ya mtoto, yenye masikio. Picha ipo. Mwenyekiti ametaka iwekwe katika toleo hili, nami nimemwomba kwa jina la udugu wetu asiiweke.

Nisimpambe Manang kupita kiasi, maana yupo na atasoma. Ana sauti inayofika ng'ambo ya mto. Kwenye karata anaiba waziwazi, na ukimkamata anakulaumu kwa kutazama. Mwavuli haazimi, anautaifisha. Na kwa miaka thelathini na minne ameishi katika chumba cha nyuma ya gereji, Jumatatu hadi Jumamosi, wakati mumewe, Manong Islaw, akiishi na kahawa yake kule Kapangan. Ndoa yao imekuwa ya Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri. Watoto wamekua, wameondoka. Manong Islaw hakulalamika, alikuwa akihesabu. Alisema akimpata Benilda siku saba mfululizo atajua kama kweli wanapatana.

Kwa hiyo tarehe 30 Juni alikuja na pikapu ya kuazima, amenyoa, shati limepigwa pasi. Keki ilikuwa mezani, Manang ameshika kisu, na Mwenyekiti amefika sehemu ya hotuba yenye neno "nguzo". Ndipo Herminio, dereva mwenzangu ambaye huwa na mzaha hata kwenye matanga, akaingia kutoka stendi amelowa chapachapa. Siku hiyo ndiye aliyekuwa na Kumi na Mbili, kwa kuwa mimi nilibaki kupuliza maputo.

"Samahani kwa kuvunja sherehe. Feni ya Kumi na Mbili imenyamaza tena. Kwenye Kona."

Mnapaswa kujua kwamba ilikuwa mara ya tatu tangu mvua zianze. Mara ya kwanza Manang alibadilisha kile kipande cha kupunguza umeme kilichoungua. Mara ya pili alitoa mota, akakuta kiota cha panya kimejisokota kwenye mapezi ya feni, akakisafisha, akaweka mota mpya. Gurudumu la feni likikwama, mota huhangaika, umeme unazidi, kitu kinaungua. Hilo alilieleza vizuri. Ambalo hakuweza kulieleza ni kwa nini panya wa La Trinidad, wenye magari yetu yote ya kuchagua, wanaipenda Kumi na Mbili peke yake.

Akaweka kisu chini. "Sitoki getini," akasema, "mpaka gari hili lipulize mwezi mzima wa mvua bila kunyamaza."

"Benilda," akasema Manong Islaw kutoka mlangoni. "Mimi au Kumi na Mbili?"

"Wewe unapuliza bila kutengenezwa. Usingizini hasa."

Watu wakacheka, yeye akacheka, lakini nilimwona akiitazama pikapu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kiti cha mkewe kichwani. "Mtu mwenyewe hatoki," alisema, "basi nitambeba kipande kimoja kimoja." Mwezi wa Julai Manang akafanyia kazi juu ya ndoo ya grisi.

Kumi na Mbili ilipuliza Julai karibu yote. Keki ya pili ikaagizwa. Siku mbili kabla ya sherehe feni ikanyamaza mikononi mwangu, na sherehe ikafanyika hivyo hivyo kwa sababu keki haikuweza kurudishwa. Manong Islaw akaondoka na birika. Nguruwe aliyekuwa amenunuliwa kwa ajili ya karamu akaongezwa chakula. Kati yetu sote, yeye ndiye aliyenufaika na mkasa huu.

Agosti ulikuwa mwezi wa nadharia. Herminio alisema panya wanafuata makombo yangu, kwa hiyo nilikatazwa kula garini, halafu nikakatazwa hata kutafuna ubani. Mwenyekiti alileta paka. Paka akalala juu ya injini kwa kuwa kuna joto, na panya wakamheshimu kwa kumpita pembeni. Mimi nilisimama katika mkutano wa madereva, nikaeleza kwa kirefu kwamba huenda ni jaribu kutoka juu. Manang, kutoka kwenye ndoo yake, akauliza, "Jaribu la nani? Wewe unakula keki, mimi nakaa kwenye ndoo." Nikakaa.

Lakini usoni alikuwa amechoka. Alishaanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema: kwamba labda macho yake yamepungua, kwamba labda Manong Tiburcio angekuwa ameshaona. Kapangan kahawa ilikuwa inaanza kuiva na Manong Islaw, mwenye goti baya, alikuwa anapanda vilima peke yake. Nilimwambia aende, tutakuwa waangalifu. "Wewe ndiye utakuwa mwangalifu?" akasema, na nikaona kweli ana haki ya kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sote tulikuwa tunalifanya mchana kweupe, tena kwa fahari. Sisi madereva wa barabara hii hatuanzi siku bila kuwakumbuka waliotangulia. Ni desturi ya wazee: walio hai hawali peke yao. Kabla gari la kwanza halijaondoka, kila dereva anakuja na tonge dogo la wali wa kunata juu ya jani na tone la pombe ya mchele, anaviweka kwenye gari hilo la kwanza, anataja majina ya waliofia barabarani, anawaomba watupishe njia. Mimi naamini Mungu mmoja na kila Jumapili nakiri hivyo kwa sauti, lakini sijasikia amri inayokataza adabu. Gari la kwanza kuondoka, kwa ratiba mpya ya mwaka huu, isiyobadilika, ni Kumi na Mbili. Na mahali pa kuweka tonge, kwa kuwa boneti ni ya mteremko na chakula cha marehemu hakifai kubiringika, ni pale chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya kuingizia hewa, ambapo kuna ubapa mzuri kabisa.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Sisi hatukuelewa. Tulikuwa watu wazima ishirini, wenye leseni.

Manang hakujua, kwa sababu yote hayo hufanyika stendi kabla gereji haijafunguliwa. Lakini asubuhi moja ya mwisho wa Agosti alikuja stendi mapema kuliko sote, akajifungia ndani ya Kumi na Mbili, akakaa kiti cha mbele gizani kuisikiliza feni ikiwa bado imezimwa, kabla haijasumbuliwa na mtu. Vioo vikajaa mvuke wa pumzi yake. Sisi tukaja mmoja mmoja na majani yetu. Herminio alifika mbele ya kioo, akaweka tonge, akamimina tone, akasema kwa sauti ya upole ambayo walio hai hatujawahi kuisikia kwake, "Manong Tiburcio, karibu ule."

Ndani ya kioo mkono ukapangusa, na uso wa mtu ukatokea.

Herminio alirusha jani na kupita katikati yetu kama mbuzi aliyefunguliwa. Mimi sikukimbia. Ningependa iandikwe kuwa ni ushujaa, lakini miguu haikupokea amri. Nilipiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, wenye wali.

Manang akashuka. Hakucheka.

"Mnafanya hivi kila siku?"

"Kila siku, Manang."

"Wote?"

"Wote. Hata Mwenyekiti, akiwa na safari."

"Na Manong Tiburcio mnamtaja?"

"Yeye ndiye wa kwanza kutajwa."

Akapangusa pua kwa aproni. Kisha akafungua boneti, akachomoa kile kifuniko chenye matundu, na akamulika ndani kwa tochi. Ndugu zangu, kulikuwa na tabaka la wali mle, la miezi, limekauka, limebonyea, linanuka pombe, lenye njia za panya zilizopita katikati kama barabara za mtaa. Wiper zilikuwa zinalisukuma, mvua inalishusha, na sisi tunaongeza. Wageni wetu walikuwa na chakula na kinywaji ghorofa ya juu, na hapo chini, kwenye feni, kitanda chenye hita.

"Hamkumlisha Manong Tiburcio," akasema. "Mmelisha ukoo mzima wa panya, mkawapa na pombe."

Tulidhani ataamuru tuache. Herminio, aliyekuwa amerudi kwa kujikaza, akasema kwa niaba yetu, "Manang, tutukane utakavyo. Lakini tukiacha, ile kona itatukumbuka." Wengine wakaitikia. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa nasoma masomo. Nikakohoa kwanza, kama padre asiyeandaa mahubiri, nikaanza kusema kwamba Mungu katika hekima yake...

"Sijauliza habari za Mungu," akanikata Manang, "nauliza habari za matundu. Nyamaza, ading, nifikiri."

Akafikiri huku mvua inatunyeshea, na gari la kwanza likachelewa kwa mara ya kwanza katika historia ya ushirika. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Kwetu Kapangan, marehemu anapelekewa chakula pale alipo. Ninyi mnamwekea mezani, halafu mnaondoka na meza, mbio, mlima mzima. Hata aliye hai asingekila. Tiburcio hayupo stendi. Yuko kwenye Kona. Mpelekeeni."

"Kwenye Kona tusimame?" akauliza Herminio. "Kwenye ule ukungu? Tushuke kwenye tope, na baridi ile?"

"Yeye yuko kwenye baridi hiyo miaka kumi na tisa."

Tuliyakusanya matonge yote kwenye bakuli moja lenye kifuniko. Manang akakwangua wali wa zamani, akaosha, akatoa kiota kipya kilichoanza kujengwa, akafunga wavu wa chuma chini ya matundu, akapanda kiti cha mbele. Abiria walipouliza sababu ya kuchelewa, Herminio aliwaambia tulikuwa na ugeni.

Atok tuliikuta imezama kwenye wingu. Nilisimamisha gari kabla ya Kona, mahali palipo na upana, nikashuka na bakuli kwa unyenyekevu wote niliojaliwa, na hatua ya tatu nikateleza. Nilifika kwenye misalaba nikiwa nimekaa. Bakuli sikulimwaga, hilo lihesabiwe. Abiria walipiga makofi. Nilitaja majina nikiwa chini hapo hapo, maana niliona kuinuka na kuanguka tena mbele ya marehemu ni kuwachosha. Nilipogeuka kurudi, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa kuwa siku zote huwa upande wa ndani: kioo cha Kumi na Mbili, kote kulikokizunguka kweupe, lakini chenyewe safi kama maji, na nyuma yake Manang Benilda ameweka kiganja kwenye tundu la hewa, amefumba macho. Yeye hakupiga makofi. Alikaa hivyo mpaka tukateremka Bontoc.

Tangu asubuhi hiyo gari la kwanza husimama kabla ya Kona kila siku, na tumezoea. Mabasi makubwa yanayotufuata yalitupigia honi wiki ya kwanza. Sasa nayo hupunguza mwendo. Mimi nimenunua viatu vya mpira. Panya wamehamia kwingine, na paka wa Mwenyekiti amebaki kwa mapenzi yake.

Kazi za Manang Benilda zinapokelewa na Bi Jovelyn Pacsi, aliyekuwa chini yake kwa miaka minne na ambaye wiki iliyopita aliniuliza kama nimeizika feni. Naona tuko mikononi salama. Kwa niaba ya madereva, makarani, mafundi na abiria ambao hawatajua kamwe jina lake, ushirika unamshukuru Manang kwa mkono ulioingia pale ambapo wengine hatukufika, kwa kila ufunguo aliouzuia mfukoni, na kwa kutuvumilia, mimi hasa. Tunamwombea yeye na Manong Islaw afya, kahawa isiyoshikwa na kutu, na magoti yenye kupanda. Tunawaombea siku saba mfululizo, na zifuatazo. Wakigombana, karibuni wote wawili, tuna ndoo.

Mwisho, taarifa ya kazi, kwa kuwa amekataa kukata keki kabla hajaisikia. Leo asubuhi nimepita Kona na abiria kumi na wanne, mvua kubwa, wingu mpaka chini. Kasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zote zimefanya kazi, kwenda na kurudi. Mwezi umetimia.

Feni inapuliza, Manang. Pikapu iko getini na Manong Islaw ameshaiwasha. Panda.